Saa 40 zinatosha kweli kupata leseni ya kurusha helikopta?

Tumaini_Angani

Wakuu, habari. Naomba ushauri wa watu waliopita njia hii wenyewe.

Nina miaka 26, ni muuguzi wa chumba cha dharura. Miaka minne iliyopita nilimpokea mgonjwa aliyeletwa kwa helikopta. Rubani alibaki kwenye kiti chake, mapanga yakizunguka juu ya vichwa vyetu, hakutikisika mpaka tulipomaliza kumshusha yule mama. Tangu siku hiyo naweka akiba. Nataka kukaa kwenye kiti kile.

Chuo nilichokitembelea kimeniambia leseni binafsi ni saa 40 za kuruka, na nikilipa zote kwa mkupuo napata punguzo. Akiba yangu inafika saa 45, haizidi hapo. Sasa yako mambo manne yananinyima usingizi. Saa 40 zinatosha kweli? Rafiki yangu anasema nianze na ndege ya mabawa kwa kuwa saa yake ni nafuu, halafu nihamie helikopta. Ni ushauri mzuri? Navaa miwani na nina kilo 78, kuna tatizo? Na hilo la kulipa mapema mnalionaje?

MwalimuRota

Dada Tumaini, karibu sana. Nafundisha kwenye Robinson R22, helikopta ndogo ya viti viwili, huu ni mwaka wangu wa 11, na swali lako la kwanza nimeulizwa na karibu kila mwanafunzi aliyewahi kukaa kulia kwangu. Nitakujibu kwa urefu, univumilie.

Namba 40 ni ya kweli. Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, ambacho nchi wanachama wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hukitumia kutunga kanuni zao, kinataka saa 40 kwa leseni binafsi ya helikopta, au 35 ukisoma kwa kozi iliyoidhinishwa. Marekani ni 40, angalau 20 na mwalimu na 10 peke yako. Ulaya chini ya EASA, mamlaka yao ya usalama wa anga, ni 45, na humo 25 ni za mwalimu, 10 za peke yako, na 35 lazima ziwe kwenye aina ileile ya helikopta utakayofanyia mtihani. Lazima pia uwe umesafiri peke yako safari moja ya maili za baharini 100 au zaidi, ukitua njiani. Umri wa leseni ni miaka 17, hilo umeshalivuka.

Ila soma vizuri namba hiyo inasema nini. Inasema chini ya hapo mtahini haruhusiwi kukupima. Haikuahidi kwamba ukifika hapo utakuwa umeiva. Katika wanafunzi wangu wote, waliofanya mtihani wakiwa na saa 40 na chache ni wawili tu, na wote wawili walikuwa wameacha kazi kwa muda, wanaruka siku tano kwa wiki. Waliobaki wengi wamemaliza kati ya 55 na 70. Mimi mwenyewe nilikuwa na 63.

Utauliza saa zote hizo zinakwenda wapi. Tano hadi kumi za mwanzo zinamezwa na kusimama hewani tu. Futi tano juu ya nyasi, helikopta isiende mbele, nyuma wala pembeni. Kwanza nakupa pedali, zile za miguuni zinazogeuza pua, mimi nashika vilivyobaki. Kisha nakupa kolektivu, ule wenzo wa mkono wa kushoto unaopandisha na kushusha. Mwisho saikliki, fimbo ya mkono wa kulia inayoinamisha rota, yaani yale mapanga ya juu. Kila kimoja peke yake utakiweza siku hiyohiyo. Shida huanza vinapokutana, kwa sababu kila kimoja kinamvuta mwenzake: ukipandisha kolektivu pua inataka kwenda kulia, unakanyaga pedali ya kushoto, ukikanyaga, rota ya mkia inakusukuma mwili mzima kuelekea kulia, unapeleka saikliki kushoto kidogo, ukipeleka saikliki, unapoteza kimo kidogo, unarudi kwenye kolektivu. (Kwenye Cabri G2, helikopta nyingine, mapanga yanazunguka upande wa pili, kwa hiyo kulia na kushoto hubadilishana.) Mwanafunzi hutazama nyasi zilizo mbele ya pua na kuzikimbiza. Namwambia atazame mti wa mbali kabisa. Siku moja, bila yeye kujua, mikono inaacha kupigana, na mimi nimekwisha kuondoa yangu dakika mbili nzima.

Saa nyingine zinapotea kwa kukatika. Kati ya saa yangu ya 31 na ya 32 ulipita mwezi na nusu, fedha zilikuwa zimeniishia. Niliporudi nilitumia saa nne kurudisha mikono pale nilipoiacha. Saa nne ambazo nilikuwa nimeshazilipia mara moja! Kwa hiyo mtu mwenye fedha ya saa 45, ushauri wangu asianze mwezi huu. Fikisha 60 kwanza, halafu uruke mara tatu kwa wiki bila kusimama.

Sasa kuna saa ambazo sitaki kabisa uzibanie, nazo ni za mkono wa kushoto. Injini ya R22 ikizima, mapanga yanaanza kupoteza mzunguko papo hapo. Ni mepesi, hayana akiba. Unayo sekunde moja na ushei ya kushusha kolektivu mpaka chini. Ukichelewa, mwendo wa mapanga unapungua mpaka hewa inaacha kuyabeba, na yakifika hapo hayarudi, hata uwe juu kiasi gani. Ukiwahi, hewa inayopanda kutoka chini inayazungusha yenyewe. Hiyo ndiyo otorotesheni. Unateremka kwa mwendo wa noti 65, yaani kilomita 120 kwa saa, ukiulinda mzunguko wa rota ubaki kati ya asilimia 97 na 110 ya ule wa kawaida. Kwenye futi 40 unavuta saikliki nyuma kuua mwendo. Kwenye futi nane unailaza sawa, na kolektivu uliyoishusha kule juu unaivuta sasa, mara moja tu, kwa ule mzunguko uliobaki, ukae chini.

Mwili haukubali. Ardhi inakuja, honi ya mzunguko kupungua inalia, na kila mshipa unakuambia vuta juu. Nilikuwa na mwanafunzi mhandisi, mtu makini, angeweza kuandika ubaoni hesabu yote ya nguvu zinazobeba rota. Tulipopanda, nikamwambia "injini imezima" na kupunguza mafuta taratibu, mkono wake wa kushoto ulipanda. Wangu ulikuwa hapohapo, ukaushusha. Tulirudia siku hiyo, kesho yake, na wiki iliyofuata. Nilikuwa naandika kwenye daftari: mara ya 23 ndipo mkono uliposhuka kabla ya sauti yangu kuisha. Alikuwa na saa 29. Siku ya pili yake nilifungua mlango wa kushoto, nikashuka, nikamwacha aruke peke yake. Nilimwonya tu kwamba bila mimi pua itakaa juu zaidi na helikopta itanyanyuka mapema kuliko alivyozoea.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini Marekani mwaka 1995, baada ya ajali nyingi za rota kupoteza mzunguko na mapanga kugonga mwili wa helikopta, ilitoa kanuni maalumu ya R22 na mkubwa wake R44 inayoitwa SFAR 73. Mwanafunzi haruhusiwi kuruka R22 peke yake kabla ya saa 20 za kufundishwa. Chuo kikikuambia utaruka peke yako kwenye saa ya 12, muulize mwalimu wao anafuata kanuni ipi.

Kuhusu ndege ya mabawa kwanza, mimi nina wasiwasi, na wasiwasi wenyewe ni wa mikono, si wa fedha. Rubani wa ndege hufundishwa kwamba honi ya kuishiwa mwendo ikilia, sukuma pua chini. R22 ina mapanga mawili yaliyofungwa katikati kama pembea ya watoto. Ukisukuma saikliki mbele kwa ghafla, uzito unaondoka kwenye rota, unahisi tumbo linapanda; rota ya mkia bado inasukuma, na mwili wa helikopta unajiviringisha kulia. Mikono ya mtu yeyote itapeleka saikliki kushoto. Hapo kitovu cha rota kinagonga mhimili wake, na mhimili unakatika. Jibu sahihi ni kuvuta saikliki nyuma polepole kwanza, uzito urudi kwenye rota, ndipo unyooshe. Somo hili halionyeshwi angani, limekatazwa. Nakufundisha chini, ubaoni, na nakuuliza tena kila wiki. Asiye na mazoea ya ndege ana jambo moja pungufu la kusahau.

Miwani haina shida, mradi ukiivaa unaona kwa kiwango kinachotakiwa na una ya akiba karibu nawe ukiwa angani. Leseni binafsi inataka cheti cha afya cha daraja la 2. Lakini wewe unataka kubeba wagonjwa, hiyo ni kazi ya malipo, na ICAO inataka daraja la 1. Kapime la 1 sasa, kabla hujalipa hata saa moja. Nimewahi kufundisha kijana mpaka saa 48, ndipo akagundua kipimo cha rangi kinamzuia kufanya kazi aliyoitaka. Sikulala vizuri siku ile.

Kilo 78 ni sawa. R22 Beta II haizidi kilo 622 kwa jumla na kiti kimoja hakizidi 109. Yenyewe tupu ni 400 hivi, tangi kuu likijaa ni 46, inabaki 176 kwa watu wawili. Wewe na mimi (nina 84) tungekuwa 162. Ukipewa mwalimu wa kilo 100 mtapunguza mafuta, na somo litakuwa fupi.

La kulipa mapema nawaachia wengine.

NdegeKwanza

Mwalimu, heshima yako, na la usalama nakubaliana nawe neno kwa neno. Ila mimi nilianza na ndege, nikahamia helikopta nikiwa na saa 190, na sijutii. Dada asikie na upande huu.

Hali ya hewa, redio, ramani, sheria za anga, kuingia kwenye uwanja wenye mnara bila kutetemeka, vyote hivyo nilivijifunza kwa saa ya bei nafuu. Marekani, mwenye leseni binafsi ya ndege akiongeza helikopta kwa ngazi ileile harudii mtihani wa maandishi. Saa 40 za jumla anazo tayari, kwa hiyo zinazobaki za lazima ni 20 za mwalimu na 10 za peke yake. Ulaya wanabana zaidi, unasamehewa asilimia 10 ya saa ulizoongoza ndege, na hazizidi saa sita.

Faida kubwa inakuja kwenye leseni ya biashara, ile ya kuruka kwa malipo. Marekani inataka saa 150, na katika hizo za helikopta zinazolazimishwa ni 50, huku 35 ukiwa kiongozi wa chombo, yaani rubani mwenye dhamana ya safari. Nyingine 100 unaweza kuzipata kwenye ndege. Piga hesabu mwenyewe utaona.

Yale ya mikono ni kweli. Mwalimu wangu alinipiga kofi dogo mkononi mara mbili siku ya kwanza kwa kusukuma fimbo. Ila alijua natoka wapi, akaanza na somo hilo kabla hatujawasha injini.

MwalimuRota

Mkuu NdegeKwanza, ahsante, na hesabu zako ziko sawa. Kama dada angetaka leseni tu, ningenyamaza. Anataka kazi, na hapo kuna mlango ambao njia ya mkato haiufungui.

Mwenye leseni mpya ya biashara haajiriwi kubeba wagonjwa. Ulaya, kwa njia ya kawaida, kiongozi wa helikopta ya wagonjwa anatakiwa awe na saa 1000 kama kiongozi wa chombo, 500 zikiwa za helikopta. Saa hizo wengi wetu tumezipata kwa kufundisha. Na SFAR 73 hiyohiyo inasema hakuna mwalimu atakayefundisha kwenye R22 kabla ya kuwa na saa 200 za helikopta, 50 zikiwa za R22. Saa za ndege hazihesabiwi hapo. Kwa hiyo aliyefika 150 akiwa na 50 tu za helikopta ana leseni mkononi, halafu anatakiwa kununua nyingine 150 za bei kubwa ndipo aanze kulipwa. Nimeona vijana wazuri wakiishia pale, na hawakuambiwa mapema.

Tumaini, usikate tamaa kwa hizo 1000. Mgonjwa unamjua kuliko rubani yeyote niliyefanya naye kazi. Siku moja hilo litakufaa.

Fundi_wa_Zamu

Mimi sirushi, natengeneza. Nijibu la kulipa mapema maana hapa ndipo naumia.

R22 inatakiwa kufumuliwa na kujengwa upya kila saa 2200 au miaka 12, kinachotangulia. Hakuna nyongeza. Nilikuwa kwenye karakana moja, sitaitaja, inayohudumia chuo chenye R22 moja tu. Mita ilikuwa imefika 2168. Zilibaki saa 32. Wiki hiyohiyo ofisi yao ilipokea fedha ya saa 50 kutoka kwa binti wa umri wako, kwa mkupuo, kwa punguzo. Mimi nilijua, wao walijua, yeye hakujua. Alisubiri miezi saba. Nilimkuta mara nyingi amekaa nje ya banda anatazama helikopta isiyo na mapanga, na nilijiona nina hatia kwa kutomwambia siku ya kwanza.

Kwa hiyo uliza, bila aibu: mna helikopta ngapi? Kila moja imebakiza saa ngapi kufika 2200, na inatimiza miaka 12 lini? Naomba kuona kitabu chake. Fundi mwenye heshima atakufungulia. Uliza pia mita ya malipo inaanza kuhesabu injini ikiwaka au kolektivu ikipanda. Kwa mwanafunzi anayekaa muda mrefu chini akikagua vipimo, tofauti ni kubwa. Na lipa kwa saa tano tano. Punguzo lolote wanalokupa ni dogo kuliko hasara ya miezi saba.

Tumaini_Angani

Shikamoo Mwalimu, na ahsanteni wote. Nimesoma mara tatu na nimeandika kwenye daftari langu la zamu.

Leo nilikwenda tena chuoni. Wana R22 mbili. Moja imebakiza saa 410, nyingine 95. Nilipoomba kuona vitabu, karani alishangaa, ila fundi wao alivitoa bila neno. Fundi_wa_Zamu, Mungu akubariki. Nimekataa kulipa kwa mkupuo na wamekubali saa tano tano, bila punguzo.

Sitaanza mwezi huu. Kwa mshahara wangu nafikisha saa 60 baada ya miezi tisa. Kipimo cha daraja la 1 nimepangiwa wiki ijayo. NdegeKwanza, nimeelewa hoja yako na kama lengo langu lingekuwa jingine ningekufuata.

Mwalimu, swali moja. Katika miezi hiyo tisa kuna kitu ninaweza kufanya nyumbani, bila helikopta, ili nisipoteze saa?

MwalimuRota

Marahaba. Umefanya vema kuvitaka vile vitabu.

Kipo. Nadharia yote imalize sasa. Ulaya ni masomo tisa, na somo la hali ya hewa na la jinsi helikopta inavyoruka yape miezi miwili yenyewe. Usiyasome ili kufaulu tu. Uweze kunieleza kwa maneno yako kwa nini rota inazunguka injini ikiwa imezima. Sikiliza redio ya marubani kila siku, maana cha kufikia ni daraja la 4 la ICAO la Kiingereza, na anayeanza hushindwa kusikia kwa sababu mikono imemjaa kazi. Sikio likizoea nyumbani, angani utabaki na mikono tu.

Kisha tafuta kiti kigumu. Kaa wima, miguu miwili sakafuni kama ipo kwenye pedali, mpini wa ufagio katikati ya magoti kwa mkono wa kulia, na kipande cha mti ubavuni kwa mkono wa kushoto. Mwombe mtu wa nyumbani aseme "injini!" wakati wowote, hata ukiwa unaongea naye mambo mengine. Kushoto kunashuka mpaka chini, mguu wa kulia unakanyaga, saikliki nyuma kidogo, macho kwenye mzunguko, kisha noti 65. Dakika kumi kila jioni. Haitachukua nafasi ya angani, ila ule mkono hautakuwa mgeni.

Na ile miwani ya akiba, tangu sasa zoea kuiweka mahali mkono wa kushoto unapofika. Wa kulia hautoki kwenye saikliki.